Mpiga Picha na Mji wa Nafuu

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo wafanyabiashara huyatumia kana kwamba ni pacha: 'rahisi' na 'nafuu'. Kitu cha bei ya chini huitwa rahisi. Kitu hicho hicho kikinadiwa sokoni, mnadi husema bei yake ni nafuu. Hata hivyo, maneno haya hayakuzaliwa tumbo moja. 'Rahisi' tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako ilihusu bei ya chini. Ni sisi wasemaji wa Kiswahili tulioipa maana ya pili ya jambo lisilo na ugumu. 'Nafuu' nayo chanzo chake ni neno la Kiarabu lenye maana ya faida au manufaa, na ndiyo sababu mgonjwa aliyeanza kupona husemekana amepata nafuu. Hakuna asemaye kuwa mgonjwa amepata rahisi. Basi kitu kinaweza kuwa rahisi na kisimpe mnunuzi nafuu yoyote.

Nimeanza na maneno kwa kuwa ndiyo kazi inayonipa unga, na pia kwa kuwa swali ninaloulizwa kila mwaka baada ya mahafali limejengwa juu ya neno lisilofaa. Vijana wanaohitimu vyuoni, ambao baadhi yao wamenunua kamera kwa kujinyima chakula cha mchana kwa mihula kadhaa, huniuliza ni mji gani ulio rahisi kwa mtu anayetaka kujikimu kwa kupiga picha. Mmoja wao, kijana aliyezaliwa viungani mwa Salgaa, aliliweka swali hilo wazi kuliko wenzake. Nairobi, alisema, kodi ya nyumba inamtisha. Nakuru anaipenda lakini wapiga picha wamejaa kama nzige. Kwao Salgaa chumba ni cha bei ya chini, na viazi na maziwa vinatoka shambani kwa mamake. Je, si busara arudi nyumbani?

Nilimwomba siku mbili nifikiri, maana jibu lililonijia mdomoni lilikuwa la haraka mno.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupita huko, Salgaa ni kituo cha biashara katika eneo la Rongai, Kaunti ya Nakuru, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini Nakuru kwenye barabara kuu iendayo Eldoret na hatimaye Malaba. Hapo ndipo madereva wa malori ya masafa marefu, pamoja na utingo wao, huegesha, hula, hulala na kukagua breki. Malori hayo hutoka Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini, na mengine hurudi yakiwa matupu au yamebeba kahawa na mbao. Usiku kituo hakilali. Mtu anaweza kusimama kando ya barabara kwa saa moja na kusikia Kiswahili cha Pwani, cha Kampala, cha Bukavu na cha Eldoret, kila kimoja na lafudhi yake, na Kikalenjin na Kikuyu cha wenyeji kati yake. Mwanaisimu angeweza kuhamia hapo na asikose la kuandika mpaka astaafu. Lakini mpiga picha hali lafudhi.

Tuanze na Nairobi, kwa kuwa ndiko wengi hukimbilia bila kuuliza. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi 4,397,073 katika kaunti hiyo, ilhali mji wa Nakuru ulikuwa na wakazi 570,674. Kijana huyatazama mataraja haya na kujiambia kwamba penye watu mara nane, kazi nazo ni mara nane. Husahau kwamba na wapiga picha pia ni wengi vivyo hivyo, na kwamba hakuna hata mmoja kati ya mamilioni hayo anayemjua yeye. Kuna kazi ambazo Nairobi haina mshindani wake, wala sipingi hilo. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Tanganyika, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi, na kutoka Nairobi aliweza kufika haraka popote palipotokea jambo katika kanda hii. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliuzindua ulimwengu mzima. Mtu anayeuza picha kwa mashirika ya habari ya nje, au kwa makampuni yenye makao makuu jijini, anahitaji uwanja mkubwa wa ndege na ofisi za wahariri zilizo karibu. Kwake yeye kodi kubwa ya Nairobi ni sehemu ya mtaji.

Lakini kijana wangu hakuwa akizungumzia Ethiopia. Alizungumzia harusi, mahafali, matanga na shule. Biashara ya namna hiyo ina sheria nyingine.

Natuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kijana amewekeza shilingi 180,000 katika kamera, lenzi mbili, taa na kompyuta. Tuseme Nairobi anatumia 45,000 kwa mwezi kwa kodi, chakula na nauli. Sherehe moja anailipisha 15,000. Naye, kwa kuwa ni mgeni, anapata sherehe tatu. Jumla ni 45,000, na mfuko umerudi mtupu. Tumpeleke Salgaa. Matumizi yanashuka hadi 12,000. Sherehe moja inalipwa 4,000, na kwa mwezi anapata tatu. Jumla ni 12,000, na mfuko umerudi mtupu vile vile. Tumweke Nakuru mjini, matumizi 25,000, sherehe 10,000, na tuseme anapata nne kwa sababu alisoma huko na ana marafiki. Anabaki na 15,000, na kwa mwendo huo kamera na vyombo vyake vitakuwa vimejilipa baada ya miezi 12. Msomaji akiona hesabu hii imenyooka mno ajue ni kwa sababu nimeibuni mwenyewe. Atie tarakimu zake. Atakachoona ni kwamba kodi ya nyumba inasogeza jibu kidogo, ilhali idadi ya siku ambazo mtu anaitwa kazini inalisogeza sana. Sherehe moja zaidi kwa mwezi jijini Nairobi ingemwachia akiba ile ile ya Nakuru.

Tena kuna jambo ambalo wanaosifia miji ya bei ya chini hawalitaji. Gharama za mpiga picha ni za aina mbili. Ziko zinazofuata mji, kama vile kodi, chakula, nauli na leseni ya biashara. Ziko nyingine ambazo hazijui mji. Kamera iliyotoka Japani ina bei moja, uwe unaishi Kilimani au Salgaa. Kwa hakika huko Salgaa ina bei ya juu zaidi, kwa kuwa ikiharibika utalipa nauli ya kuipeleka Nairobi kwa fundi na kupoteza siku mbili za kazi. Betri, kadi ya kuhifadhia picha, wino na karatasi za kuchapishia, vyote ni vivyo hivyo. Anayelipwa shilingi 4,000 kwa sherehe huinunua lenzi ile ile kwa sherehe nyingi zaidi kuliko anayelipwa 15,000. Ndiyo maana mji wa rahisi unaweza kumweka mtu na kamera moja kuukuu kwa miaka mingi huku akijisifu kwamba halipi kodi.

Na vumbi? Wengi husema jina la Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mpiga picha yeyote aliyewahi kubadilisha lenzi kando ya barabara mwezi wa Februari hatabishana nao.

Basi mji wa nafuu ni upi? Nadhani ni ule ambamo watu wanaohitaji picha, na walio tayari kuzilipia, husimama karibu nawe mara kwa mara. Neno ninalolisisitiza ni 'husimama'. Historia ya upigaji picha barani Afrika ni historia ya vituo. Mjini Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, si mbali na kituo cha gari moshi. Wasafiri waliofika na nguo zao nzuri walipita kwake kabla ya kurejea makwao, na leo picha alizowapiga zinaning'inia katika makavazi ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu, katika miaka ya tisini, wapiga picha waliweka vibanda karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa. Wateja wao aghalabu walikuwa watu wa bara waliokuja Pwani kutafuta kazi. Vibandani mlikuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Mtu aliyevuka feri asubuhi akienda kibaruani aliweza kupiga picha akionekana yuko safarini ughaibuni, kisha akaituma kijijini. Profesa Heike Behrend wa Ujerumani aliwachunguza wapiga picha hao na kuwaandika katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu picha katika Pwani ya Afrika Mashariki. Hawakuwa na duka kwenye barabara kuu ya jiji. Walikuwa na kivuko, na kivuko kiliwaletea maelfu ya watu kila siku bila tangazo.

Salgaa ni kivuko cha bara. Kijana wangu aliponijia alikuwa amekaa juu ya hazina, nikataka kumwambia hivyo. Kisha nikakumbuka simu.

Simu ya mkononi imewapokonya wapiga picha wa vituoni mkate wao, na hapana faida ya kujidanganya. Dereva wa lori anayetaka kumwonyesha mkewe aliyeko Jinja kwamba amefika salama hujipiga mwenyewe na picha ikafika kabla chai haijapoa. Wale waliokuwa wakizunguka Nyayo Gardens mjini Nakuru, kamera ya filamu shingoni, wakichukua arubuni na kuahidi picha baada ya siku tatu zikishaoshwa, wamebaki wachache, nao wamelazimika kubeba mtambo mdogo wa kuchapishia ili mteja aondoke na karatasi mkononi. Picha ndogo za pasipoti nazo zinapungua, kwa sababu ofisi nyingi za serikali siku hizi humpiga mwombaji picha zenyewe. Kwa hiyo anayekwenda kituoni leo akitarajia kuuza kile kilichouzwa Likoni atakufa njaa akitazama magari.

Ni kipi, basi, ambacho simu haijakiweza? Nilipofikiria swali hili nilijikuta nikiwaza kuhusu matanga. Msomaji aliyewahi kuhudhuria mazishi katika Bonde la Ufa anakijua kile kijitabu cha ratiba ya ibada, chenye picha ya marehemu jaladani. Marehemu akiwa kijana, picha zake ni tele. Akiwa bibi wa miaka 85, familia nzima hupekua masanduku usiku kucha, na mwishowe hukatwa ile picha ya kitambulisho, ikakuzwa hadi macho yakapotea, ikawekwa jaladani na kwenye fremu mbele ya jeneza. Mwanamke aliyelea watoto tisa anaagwa kwa sura aliyopigwa na karani mwenye haraka. Tena katika sehemu zetu hizi kuna jeraha la ziada. Waliochomewa nyumba katika machafuko ya mwaka 1992, na tena ya 2007-2008, walipoteza mifugo, hati na nafaka, na pamoja na hivyo walipoteza albamu. Familia kama hizo zina watu wazima leo wasio na picha hata moja ya utotoni mwao wala ya baba aliyefariki.

Hapo ndipo mpiga picha wa Salgaa ana kazi ambayo hakuna mwenzake wa Nairobi atakayepanda matatu kuja kuifanya: kuwapiga wazee picha nzuri wangali hai, nyumbani kwao, mchana, kwa mwanga wa mlangoni, na kuwachapishia katika karatasi itakayodumu. Watoto wao walioko mijini na ng'ambo watalipa, tena kwa simu, kwa kuwa tangu mwaka 2007 M-Pesa imemwezesha mtu aliyeko mbali kulipia jambo la kijijini kwa dakika moja. Mteja wa aina hii anaishi Nairobi au Dallas, ilhali anayepigwa picha anaishi Salgaa. Ukiitazama hivyo, kazi ina bei ya jiji na gharama ya kituo.

Kuna jambo jingine ambalo kama mwanaisimu siwezi kulinyamazia, nalo ni kwamba mpiga picha wa sherehe hufanya kazi kwa masikio kabla ya macho. Katika 'koito' ya Wakalenjin au 'ruracio' ya Wakikuyu, mambo makubwa hutendeka kwa maneno. Mzee anasema, wa upande wa pili anajibu, methali inatupwa, kicheko kinafuata, na katika nukta hiyo moja mama wa bibi harusi anafuta machozi. Anayeielewa lugha husikia hotuba inapokaribia ukingoni na kuinua kamera mapema. Asiyeielewa hushtuliwa na kicheko, na akielekeza lenzi, chozi limekwisha kufutwa. Nimeona albamu za harusi zilizopigwa kwa vyombo vya thamani kubwa na mgeni asiyejua kilichokuwa kikisemwa: keki imetoka safi, magari yametoka safi, na watu wote wanaonekana wakisubiri kitu. Kijana anayezungumza Kikalenjin cha nyumbani, Kikuyu cha jirani na Kiswahili cha barabarani ana chombo ambacho hakiuzwi katika duka lolote la Nairobi. Akihamia mahali ambapo lugha hizo hazina kazi, amekiacha nyuma, na hasara hiyo haimo katika hesabu yake ya kodi.

Lakini kurudi nyumbani nako kuna bei, na haimo katika risiti. Mtu akifanya kazi kwao, nusu ya wateja ni jamaa. Mjomba anaoza binti: "Wewe si ni kijana wetu? Utukumbuke na kamera yako." Shangazi ana sherehe ya kanisa. Baba mdogo amejenga. Kila mmoja atampa sahani ya pilau iliyojaa na baraka za dhati, na hakuna atakayempa hata nauli. Akidai malipo ataambiwa elimu imemharibu. Asipodai atauza kamera. Nawajua vijana waliokimbilia Nairobi kwa sababu hii peke yake, na siwalaumu. Kwao kodi ya jiji ilikuwa ushuru wa kukaa mbali na wajomba. Anayebaki hana budi kuwa na bei iliyoandikwa, moja kwa wote, na kuwapa jamaa zawadi iliyo wazi, kwa mfano picha tatu kubwa bila malipo, kisha zilizosalia zilipiwe. Ni vigumu kusema hivyo mbele ya mjomba. Ni vigumu zaidi kumweleza fundi wa kamera habari za undugu.

Nisipotaja ajali nitakuwa nimewaficha wasomaji jambo. Nchi hii inaijua Salgaa kwa picha za mabaki ya magari. Mteremko wa Sachangwan, Migaa na Salgaa umeua watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachangwan lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa na zaidi ya watu 30 wakafariki. Baadaye magari yanayopanda na yanayoshuka yakatenganishwa kwa vizuizi vya zege. Mpiga picha anayeishi hapo hufika kwenye ajali mapema kuliko mwandishi wa gazeti, na pesa za picha hizo huja haraka. Wako walioanza hivyo. Sitasema kwamba maafa yasipigwe picha, kwa maana vizuizi vile vya barabarani vilijengwa kwa sababu nchi iliona. Lakini kuna tofauti kati ya kuonyesha barabara iliyoua na kuonyesha uso wa aliyeuawa, na kijana akiuza uso huo mara moja, hakuna mama wa Salgaa atakayemruhusu tena kuingia uani kumpiga picha bibi. Nimeshangaa kwa miaka mingi kwamba kituo chenye watu wa kila namna hii, wenye kuziba magurudumu usiku wa manane, wenye kuchoma mahindi, wenye kuchomelea vyuma, hakina picha nyingine katika kumbukumbu ya taifa isipokuwa hizo za vifo.

Nakuru nayo nimeigusia tu. Ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kisarufi, 'jiji' ni ukubwa wa 'mji'. Kiserikali ni hati. Mpiga picha anafaidika na nini? Kwanza, na mzunguko. Ukiwa na makao Nakuru mjini, vyuo vikuu viwili, Egerton kule Njoro na Kabarak katika eneo la Rongai, viko karibu nawe, na siku ya mahafali kila familia hutaka picha yenye joho. Naivasha, ambako mbio za magari za Safari Rally zilirejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, iko ndani ya kaunti hiyo hiyo, sambamba na Gilgil, Molo na Salgaa yenyewe. Pili, Nairobi iko umbali wa kilomita zipatazo 160, kwa hiyo kazi ya jijini inaweza kufanywa na mtu akarudi kulala kwake. Watalii wa Ziwa Nakuru sitaki kuwahesabu sana. Heroe waliolifanya ziwa hilo maarufu walipungua maji yalipofurika katika mwongo uliopita, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko, na mtalii mwenyewe siku hizi huja na lenzi ndefu kuliko ya mwenyeji.

Nilimjibu kijana wangu kwamba achukue chumba kidogo Nakuru, kisiwe cha kujionyesha, kwa kuwa mteja wa sherehe haji studioni bali humwita mtu aje. Salgaa aende siku mbili kila juma, siku zile zile, ili watu wamzoee kama wanavyozoea siku ya soko. Huko asiuze picha za pasipoti. Apige wazee, apige wenye hoteli na gereji wanaotaka matangazo, na awe na bei iliyoandikwa. Aweke akiba ya miezi miwili kabla ya Januari, mwezi ambao karo humeza kila shilingi na hakuna anayeoa. Nairobi aende akiitwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama mimi mwenyewe nina picha nzuri ya mamangu. Sikuwa nayo. Tumepanga siku.

Imebaki shule, na hapa nasema na walimu wenzangu moja kwa moja. Baada ya harusi, sijui mteja wa uhakika zaidi kwa mpiga picha wa mji mdogo kuliko shule. Kuna picha za darasa, za kumaliza masomo, za siku ya michezo na za usajili wa watahiniwa. Aghalabu kazi hizo hupewa mtu kutoka mbali aliyemjua mjumbe fulani wa bodi, naye hupiga watoto 400 kwa asubuhi moja kama anayehesabu mbuzi. Shule za Rongai zikiwapa kazi hiyo vijana wa Rongai, mpiga picha mmoja au wawili wangeweza kukaa hapo mwaka mzima bila kukimbilia kokote.

Ziko hadhari mbili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtoto kuwa habari yake binafsi, na mzazi au mlezi sharti aridhie kabla haijatangazwa. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 na Kamishna wa Data kwa kusambaza picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Karatasi ya idhini yenye sahihi, inayotolewa siku mtoto anapoandikishwa shuleni, haigharimu chochote. Hadhari ya pili ni malipo. Mpiga picha chipukizi anayelipwa muhula wa tatu kwa kazi ya muhula wa kwanza ameikopesha shule bila riba, na huenda ndiye huyo huyo mliyemfundisha insha. Na walimu wakuu, ambao wanajua tangu mwanzo wa mwaka picha za watahiniwa zitahitajika lini, wangefanya hisani kumwambia mwezi mmoja mapema, badala ya kumpigia simu saa nne za usiku, siku mbili kabla ya usajili kufungwa.